Petroli ya Tisini na Moja

Kwa miaka thelathini walimwita Masikio, na jina likamkaa. Mtu akimuuliza gari lake linywe petroli ya oktani gani, ile namba ya kiwango chake, fundi huyu alipanda naye, wakakwea mlima wa nyuma ya gereji huku ametega sikio. Injini ikinyimwa petroli inayoistahili hugongagonga ndani, kama changarawe kwenye kopo. "Hili lipe tisini na tano, la sivyo litakufia," alikuwa akisema. Wateja walimtania kwamba hata injini ikimsengenya atasikia.

Shemeji yake muuguzi, mdogo wa mkewe, alinunua gari lililotumika. Kibandiko cha kuonyesha aina ya petroli kilikuwa kimebanduka kwenye kifuniko cha tangi. Wakakwea mlima.

"Limetulia tuli," Masikio akasema. "Tisini na moja inatosha."

Muuguzi akapaza sauti. "Shemeji, mbona kuna kitu kinagongagonga?"

"Kinagonga wapi? Usinifundishe kazi."

Muuguzi akajaza tisini na moja. Nani abishane na Masikio?

Mwezi haukuisha, gari likamzimikia barabarani akienda zamu. Likavutwa hadi gereji. Masikio akafungua injini mwenyewe, akakuta pistoni mbili zimetoboka kwa kule kugongagonga. Alikuwa bado ameinama, moja mkononi, shemeji yake aliposema jambo nyuma yake. Hakugeuka. Shemeji akarudia. Mkewe, aliyekuja na mdogo wake, ndiye aliyemgusa bega.

"Baba watoto, unaitwa."

Hakushtuka. Mwaka mzima alikuwa akijidanganya kwamba watu siku hizi wananong'ona, kwamba redio ya nyumbani imechoka.

Daktari alimwandikia kwenye karatasi: mishipa ya masikio imekufa kwa kelele za kazi, haitapona. Masikio akaikunja karatasi ndogo kabisa, akaishika hadi ikalowa jasho.

Alikwenda kumwomba shemeji yake radhi. Muuguzi alijibu huku ameuelekeza uso dirishani, na Masikio hakuyaona maneno midomoni mwake. Hakuthubutu kuuliza kama amesamehewa.

Gereji bado anafungua kila asubuhi. Juzi mteja wa zamani aliwasha gari, akamtazama kwa matumaini. Masikio akaweka kiganja juu ya boneti. Lilitetemeka tu, kama yanavyotetemeka magari yote, mazima na mabovu.

"Nenda kwa fundi mwingine," akasema, kwa sauti kubwa mno, akaingia ndani, akaketi juu ya tairi.