Tindo langu limevunjika mbele ya mamluki

Wivu umenikaba leo, jamani, sifichi!

Mamluki waliniagiza tindo la kuvunjia barafu kwenye chumba chao cha baridi hapa Moroni. Nilichoma chuma kikawa chekundu, nikakitumbukiza majini. Kikawa kigumu ajabu.

Pigo la kwanza tu, pa! Vipande viwili.

Wakamwita Saindu, mhunzi mgeni kutoka Mutsamudu. Tindo lake likapasua barafu yote!

Nikamuuliza, "Umefanyaje?"

"Baada ya maji nililipasha tena moto kidogo, kaka. Ugumu hupungua, lakini baridi hailivunji."

Baba yangu, aliyenifundisha uhunzi na aliyekuja nami pale, akamshika Saindu bega: "Mwanangu, kesho njoo karakanani kwetu."

Mwanangu!

Mimi hajaniita hivyo tangu nioe. Nyie mngevumilia?