Bangili Zimemteleza Somoe

Binti yangu Somoe amepungua, na amepungua huku anakula!

Salamu baadaye, shoga zangu.

Mnakumbuka alivyotoka ndani baada ya kuwekwa mwali: kanona kwa uji wa kulazimishwa, kisha akawa anajitapisha kwa siri.

Tangu masika ameacha kujitapisha, anakula kidogo kidogo, muhogo na samaki, tunalima pamoja. Kapendeza! Si nimemzaa mimi?

Leo mama wa mchumba wake kaleta bangili. Zikamteleza mkononi.

"Mwali mnamlisha upepo? Mrudisheni ndani anone!"

"Nitakula, mama," Somoe akajibu, akamaliza sinia zima.

Nami nikapiga vigelegele!

Sasa namsikia uani, anajitapisha tena.

Nimeishiwa la kufanya, jamani.

Ijumaa baada ya sala njooni mle naye. Mwili wake msiutaje.