Mizinga ya Baba Yaenda Maonyeshoni

Baba alikuwa mtetezi wa mazingira kwa miaka mingi kabla hajaambiwa. Yeye alidhani ni mchonga mizinga ya nyuki tu, na mtu mwenye kinyongo na kamati ya soko.

Kwetu, chini ya soko la Karurumo, mzinga ukishatundikwa mtini, mti huo haukatwi mpaka mwenye mzinga aushushe kwa mkono wake. Hata mlevi anajua. Kamati ilipoanza kuitolea macho miringa ya ukingo wa mto, miti yenye mbao nzuri ajabu, baba hakuandamana wala kupiga kelele. Alichonga. Kila mzinga aliuchoma alama ya ukoo kwa chuma cha moto, akauzungushia maua na nyoka, akaupandisha juu. Miti yote ikapata mlinzi. Kamati ikanuna, mto ukaendelea kuwa na maji.

Halafu watu wa kaunti wakaja wakapiga picha. Wakamwita msanii wa asili, na sifa hiyo ikampanda kichwani kuliko pombe ya muratina. Wakamwomba apeleke mizinga Embu mjini, siku ya utamaduni.

Nikamwambia, "Baba, hiyo mizinga iko kazini."

"Kwani wewe unataka art yangu ionwe na nyani peke yake?"

Kilikuwa kiangazi, nyuki walikuwa wamehama. Akaishusha mwenyewe, huku akiimba, tukaipakia kwenye pikapu.

Embu waliipanga juu ya kitambaa cheupe, wakaifunga riboni. Mama mmoja mwenye kofia pana aligonga mzinga mmoja akauliza kama ni ngoma. Hotuba ilikuwa ndefu, yote kuhusu misitu yetu na wazee wetu. Wazee wenyewe walikaa juani. Baba akapewa cheti na fulana iliyombana tumbo. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile, na mimi pia, licha ya mdomo wangu, nilifurahi.

Tuliporudi, mtoni kulikuwa na mwanga mwingi mno. Miringa ilikuwa imelala chini. Mwenye msumeno wa mashine, jirani yetu wa kamati na mzee wa kanisa, aliuzima akamsalimia baba kwa heshima zote.

"Lakini mzee, si ni wewe mwenyewe ulishusha? Sisi tukajua umekubali. Hata tuliomba kwanza, ndio tukaanza."

Baba angemlaumu nani? Jirani alikuwa amefuata desturi neno kwa neno.

Mti mmoja tu ulikuwa bado umesimama. Juu yake kulikuwa na mzinga uliopinda, wenye nyufa, alama yake imeungua vibaya. Baba aliuacha kwa sababu aliona aibu kuwaonyesha watu wa mjini. Akakaa chini ya mti huo na fulana yake mpya, akautazama ule mzinga.

"Huo," akasema, "ulinishinda kabisa kuchonga."