Saa ya China Ndani ya Televisheni

Nina ugonjwa wa kueleza. Mteja akileta televisheni iliyokufa, fundi mwingine angeifungua mgongo na kuanza kazi. Mimi huvuta kiti, namkalisha, namfundisha. Wengi huvumilia. Mke wangu husema kwamba mimi hutengeneza watu kwanza na vyombo baadaye, na kwamba vyombo ndivyo hupona mara nyingi zaidi.

Basi na wewe kaa kidogo. Televisheni za siku hizi haziugui kimya. Taa ndogo nyekundu iliyo chini ya kioo huwaka na kuzimika kwa hesabu: mara mbili ni ugonjwa huu, mara nne ni ule. Zaidi ya hapo, ndani kuna ukurasa uliofichwa. Fundi huufungua kwa kubonyeza vitufe vya rimoti kwa mpangilio anaoujua, na humo televisheni imejiandikia kila shida iliyoipata: namba ya kosa na, kwa aina nyingine, hata saa lilipotokea. Ni kama daftari la zahanati. Anayejua kulisoma hana haja ya kubahatisha. Mimi najua kulisoma. Nakuomba ulikumbuke hilo, kwa sababu yanayofuata yatakushawishi usahau.

Jumatatu moja aliingia karakanani kwangu, karibu na soko la Likasi, mama mmoja muuza vitenge. Ni mwana wa familia ya Kiislamu iliyohama kutoka Maniema, kule mashariki, tangu enzi za babu zake, na kila mtu mjini anamheshimu, pamoja na wanaomwogopa.

"Fundi, televizyo yangu inazimikaka yenyewe," alisema. "Kila siku, saa moja. Inakaa kidogo, inawaka tena."

"Kila siku saa moja, mama?"

"Saa moja. Na Ijumaa, saa moja ile ile, mutoto wangu wa mwisho atasoma habari kule Lubumbashi. Mara yake ya kwanza. Baba yake miguu haimubebi tena, hatuwezi kumupeleka kwa majirani. Ataona pale nyumbani, ao hataona."

Nilimwambia alale usingizi. Televisheni inayoharibika kwa saa maalumu ni zawadi kwa fundi: unaenda saa hiyo, unakaa mbele yake, unaikamata.

Sasa, baba yangu alikuwa mtu wa kiwanda, Mkatoliki wa zamu na king'ora, na nyumbani kwetu saa tulizihesabu kama Wafaransa: midi, saa sita ya mchana, ikipita, inayofuata ni saa moja. Kwa hiyo Jumanne, jua likiwa utosini, nilikuwa nimeshakaa sebuleni kwa mama na mkoba wangu wa vifaa. Mzee, mumewe, alikuwa kwenye kiti chake kilichojaa mito. Televisheni ilionyesha mchezo wa kuigiza, watu wakalia na kupatana, wala haikuzimika. Nililetewa bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nikala.

"Inaona haya mbele ya fundi," alisema mzee.

Nikafungua ukurasa uliofichwa. Kosa lilikuwa moja tu, namba nne, limeandikwa mara nyingi hadi mwisho wa ukurasa. Namba nne kwa aina ile ni umeme unaoingia ndani kutotosha. Pembeni yake saa: 19:02, 19:05, 18:58, 19:03. Nilizitazama kwa muda mrefu. Mama alisema saa moja, chombo kinasema dix-neuf heures, saa kumi na tisa. Mmoja wao amekosea, na mama si mtu wa kuambiwa amekosea.

Hapo ndipo nilipopata akili nyingi kupita kiasi. Nilihesabu kwa vidole: kati yetu na China kuna saa sita. Kwetu ikiwa saa moja mchana, kule ni dix-neuf heures kamili! Nikawaeleza, kwa utulivu na kwa mifano, kwamba saa inayoonekana kwenye kioo ni ya hapa, lakini ndani kabisa kuna saa nyingine iliyowekwa kiwandani, nayo bado inafuata jua la kule ilikozaliwa.

Mama alitikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe hata televizyo iko na kwao."

Nikampongeza kwa kuelewa haraka.

Jumatano asubuhi alinipigia simu: jana, baada ya mimi kuondoka, imezimika tena. Nikarudi saa moja yangu. Haikuzimika. Bukari na sombe, majani ya muhogo. Nikaamua kwamba kadi ya umeme imechoka, nikabadilisha vipande vitatu vilivyokuwa vizima, nikaeleza kazi ya kila kimoja. Alhamisi asubuhi simu tena: imezimika. Nikarudi mchana ule ule. Safari hii mama hakuleta sahani. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mutoto wangu, nikuulize bila kukasirika. Unakuyaka kutengeneza, ao kula?"

"Kutengeneza, mama! Nangojea izimike."

"Sasa sababu gani unakuyaka midi?"

"Si ulisema saa moja?"

"Saa moja ya magaribi! Giza ikiingia, watu wanatoka musikiti! Njo saa moja. Iko saa moja ngapi?"

Mzee alianza kucheka akiwa kwenye mito yake, kikohozi kikamshika, ikabidi apigwe mgongo.

"Minye nilikuambia," mama aliendelea, "na televizyo ilikuambia, tena iliandika. Weye ukatupeleka China."

Ukweli ni huo. Daftari la zahanati lilikuwa sahihi hadi dakika, mgonjwa alikuwa sahihi, na mtu pekee aliyekosea saa ndani ya chumba kile alikuwa ndiye anayelipwa kusoma. Kwa mafundi vijana wanaosoma hapa, msikate tamaa: kosa hili hutokea mara moja tu maishani. Muulizeni mteja kama ni jua au giza, basi.

Nilibaki hadi jioni. Adhana ilipokwisha na giza likashuka, balbu ya sebule ikaanza kuwa ya rangi ya machungwa, picha ikatetemeka, ikazimika. Taa ndogo ikapepesa mara nne. Nikachomeka kipimo changu ukutani: umeme ulikuwa umeshuka karibu nusu. Nikatoka barabarani, na pua ikanimalizia kazi. Avenue nzima ilikuwa inapika. Katika kila nyumba resho, lile jiko la umeme lenye waya mwekundu, ilikuwa imewashwa kwa wakati mmoja. Umeme wa kugawana ukabaki kidogo, na televisheni, kwa busara iliyonipita, ilikuwa ikijizima ili isiungue. Haikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa vile vipande vitatu nilivyoiwekea.

Nilikimbia kuleta régulateur yangu, kile kisanduku cha kuinua umeme dhaifu. Kililia kama nyuki kwa dakika moja, kikanyamaza. Nikamweleza mama kwa nini kimeshindwa. Kwa mara ya kwanza hakunisikiliza hadi mwisho.

"Kama ni resho," alisema, "ile si kazi ya fundi. Ile ni kazi yangu."

Ijumaa tangu asubuhi alipita mlango kwa mlango, kitenge kipya mabegani. Kwa watu wa mashariki alisema saa moja ya magaribi; kwa Wakatoliki wa kiwanda alisema dix-neuf heures; penye shaka alisema zote mbili, kisha akaonyesha upande jua litakapokuwa limezama. "Leo mupike na mbabula. Makala kama hamuna, mukuye kuchukua kwangu." Watu wakatoa majiko yao ya makaa ya zamani, wakapangusa vumbi. Wasiwasi ulibaki kwa mama mmoja wa kona, muuza mandazi, mwenye resho mbili na kichwa cha kusahau. Akahitajika mtu wa kukaa jikoni kwake.

"Fundi hana kazi ingine," alisema mama wa vitenge.

Kwa hiyo saa moja, ya kweli, ilinikuta nimekaa kwenye kigoda, nikitazama resho mbili zilizochomolewa.

"Technicien," alinitania mwenye mandazi, "unalinda resho yangu kama askari wa gereza la Buluo."

Nilianza kumweleza kuhusu umeme, akaniomba nisianze. Balbu yake ilipungua kidogo, ikasimama imara. Kutoka nyumba ya tatu, kwa mzee, nikasikia vigelegele, kisha ukimya wa watu wengi waliobanana, na ndani ya ukimya ule sauti nyembamba ya msichana ambayo sikuweza kushika neno lake hata moja. Nilikaa hivyo hadi mwisho.

Mama alikuja mwenyewe jikoni. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuupangusa.

"Amesoma mupaka mwisho. Haikuzimika. Alipotusalimia, baba yake amemujibu bonsoir." Akaniangalia. "Weye umemuona?"

"Hapana, mama. Nilikuwa hapa."

Akavuta kigoda cha pili, akaketi mbele yangu wima, akaunganisha mikono magotini kama wasomaji wa habari kwenye kioo. Akaanza mwanzo kabisa, na salamu: barabara ya Kakanda inayotengenezwa, bei ya unga, mashindano ya shule, kila habari kwa mpangilio wake, na pale binti alipomeza mate, naye alimeza mate.