Alimkana Mwanangu, Leo Anataka Kura Zangu

Bwana Mhariri, jina langu lizike hapo ofisini kwako, lakini maneno yangu yachape yote.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, fundi wa reli hapa Nakuru. Kwetu ni magharibi, ila nimekaa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, tangu ujana. Mke wangu ni Mkikuyu wa Dundori, na Mungu ametupa mtoto mmoja tu, binti, nitakayemwita Rebeka. Serikali imenipima ikaona nastahili kura mbili, moja kwa shule niliyosoma, moja kwa miaka yangu ya kazi. Kura hizo ndizo zinazoniletea wageni.

Mgeni mmoja nitamwita Bwana Suti. Simtaji jina, si kwamba namwogopa, ila gazeti ni karatasi safi. Ni mtu wa kwetu, mzee wa kanisa letu, na sasa anagombea kiti cha Waafrika katika baraza la kutunga sheria. Ukimsikia akihutubia utadhani ndiye aliyempa Musa fimbo. Kumbe maisha yake yote hajawahi kumpinga Mzungu hata kwa kukohoa. Kwa miaka mingi alikula kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Mapaja yote mawili ya kuku yalikuwa yake, na akishiba alimwita Rebeka "binti yangu" amletee maji ya kunawa.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ikimshuku kila Mkikuyu. Siku ya msako mimi nilikuwa nimetumwa Gilgil kutengeneza injini. Askari walizunguka soko asubuhi, wakawakalisha Wakikuyu wote chini uwanjani, wapakiwe lori warudishwe rizavu, maeneo waliyotengewa kabila lao. Mke wangu alikuwamo na kikapu chake cha viazi, pamoja na Rebeka, wakati huo miaka kumi na minne. Na ni nani aliyesimama kando ya ofisa wa Kizungu, kazi yake kusema nani ni nani? Bwana Suti.

Mke wangu akafurahi, maskini. Akasema, "Afande, muulize huyo mzee. Anatujua. Juzi tu amekula kwangu."

Ofisa akamgeukia. Bwana Suti akatazama viatu vyake, akasema, "Hawa siwajui."

Rebeka akalia, "Baba, ni mimi!"

"Nyamaza. Mimi sina mtoto Mkikuyu."

Aliyejitokeza ni mwalimu wa Rebeka, kijana wa Kikipsigis ambaye hajawahi kunywa hata maji nyumbani kwangu. Alitoka kati ya watazamaji akasema, "Mimi namjua. Ni mwanafunzi wangu, na baba yake ni mtu wa reli." Askari akamzaba kofi la sikio. Akainuka, akasema, "Basi kama ni lori, napanda nao mpaka baba wa mtoto arudi." Akapanda kweli. Walilala nyuma ya seng'enge siku tatu, mpaka nilipofika na barua ya bwana mkubwa wa karakana. Sikio lile halisikii vizuri hadi leo. Nilipotaka kumshukuru, aliniuliza tu kama Rebeka ataweza kurudi darasani Jumatatu.

Huyo mwalimu sasa anagombea kiti kilekile. Hana gari, ana baiskeli. Watu wanamcheka. Mimi nina sababu zangu za kutocheka.

Wiki iliyopita Bwana Suti alibisha hodi, ameongozana na wazee wawili wa kanisa. Akaketi kiti kilekile cha Jumapili.

"Ndugu yangu," akasema, "mtu wa kwenu ni wa kwenu. Utampa Mkipsigis kura ukaniacha mimi?"

Nikamjibu, "Siku ile uwanjani wewe ulikuwa mtu wa wapi?"

Akacheka! "Ah, yale yalikuwa mambo ya serikali. Hata wewe ungefanya hivyo." Kisha akageukia jikoni. "Mama Rebeka, leo hakuna kuku?"

Nilisimama nikamfungulia mlango. Nimeona mbwa wakifukuzwa buchani wakaondoka na aibu zaidi kuliko yeye. Alipofika kizingitini akaniambia kwa upole, "Pasi ya mke wako ya kukaa mjini inaisha mwezi ujao, siyo? Nitaikumbuka." Wasomaji, pasi hizo hupita mikononi mwa wazee kama yeye.

Kura zangu mbili ni za mwalimu, hilo siombi ushauri. Lakini mwalimu ameniomba nisimame kwenye mkutano wake, nieleze mbele ya watu yaliyotokea. Nafsi yangu inataka. Nataka yule mtu asikie nikiyasema akiwa amevaa suti yake.

Mke wangu hataki. Ananiambia, "Baba Rebeka, piga kura kimya. Wewe utapigiwa makofi, mimi nitapanda lori."

Rebeka, ambaye siku hizi anasomea ualimu, akamjibu, "Mama, mwalimu hakunyamaza."

"Mwalimu hakuwa na mtoto," mama yake akasema, akaendelea kumenya viazi.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mwalimu anangoja jibu langu. Wenzangu mlio na wake na watoto, niambieni ukweli bila kunionea haya: niseme, au ninyamaze?