Maji ya Kukandia

Harufu ya majani ya mkaratusi yakichemka hunichosha mpaka leo. Jirani yangu hapa Makorora amejifungua, na tangu alfajiri sufuria lao kubwa liko mafigani, mvuke unaingia chumbani kwangu bila hodi. Wengine harufu hiyo huwafurahisha: mtoto kaja, mzazi anakandwa. Mimi hukaa kitako kitandani nikamkumbuka mama na miguu yake.

Nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa mshonaji, cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu iko barazani, na alikuwa na sukari. Kwanza nyayo zilimwaka moto, akawa halali, azibandika kwenye sakafu ya saruji apate ubaridi. Kisha zikaja sindano, baada ya sindano ganzi. Halafu asubuhi moja akaamka akasema, "Alhamdulillahi, haziumi tena." Basi tulifurahi! Baba alirudi na kipande kizima cha nguru, tukala wali wa nazi katikati ya wiki kana kwamba ni Idi.

Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa mkandaji wa mtaa wetu. Mwanamke akizaa, huitwa yeye aje na taulo lake amkande kwa maji ya moto ya majani mpaka mwili urudi. Nanyi mnajua maji ya kukandia kwetu hayana kipimo. Mikono ya mkandaji imekwisha kuwa sugu, haitofautishi moto na vuguvugu. Anayekandwa ndiye kipimo. Akiguna, yanatosha. Akipiga kelele, huongezewa kata ya maji baridi na kusimangwa juu yake. Akinyamaza, huyo ndiye mwanamke, na mawifi watamsifu mpaka ameota mvi.

Shangazi aliposikia habari za miguu ya mama, akakata shauri: damu imelala, sharti ikandwe iamke.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametuchorea ubaoni mtu asiye na nyama. Alimchora ubongo kichwani, halafu uzi mnene ukishuka ndani ya uti wa mgongo, na kutoka humo mishipa ya fahamu ikitawanyika hadi kwenye ncha za vidole. Akatuambia mishipa mingine hupeleka habari juu, mingine huleta amri chini. Ila jambo likiwa la haraka, alisema, uti wa mgongo haungoji ubongo. Unatoa amri wenyewe: mkono unakwisha kuruka, ndipo ubongo unapoletewa taarifa kwamba umeungua. Tulilipenda somo lile kwa sababu ya magoti tu. Aligonga goti la mwenzetu mmoja kwa ubavu wa mkono, mguu ukaruka wenyewe, na tangu hapo darasa zima likawa linagongana magoti na kupigana mateke kwa kisingizio cha elimu.

Jumamosi shangazi akaja. Majirani wawili walikuwa wamekaa mkekani, mama kwenye kigoda, karai mbele yake. Shangazi akamimina. Mvuke ukapanda mpaka tukakohoa.

"Haya wifi, lete miguu."

Mama akaitumbukiza yote miwili. Kimya. Hata uso haukukunjamana. Alikaa vilevile, anatabasamu kidogo.

"Mwamwona!" shangazi akapayuka. "Huyu kweli ndiye aliyepiga mayowe uzazi wake wa kwanza, mtaa mzima ukadhani kuna mwizi?"

Wakacheka, mmoja akapiga kigelegele. Habari ya mayowe yale nilikuwa nimeisikia harusini, msibani, kila palipokutana wanawake. Uzazi wenyewe ulikuwa wa kunizaa mimi.

Taulo likateleza ndani ya karai. Nikainama kuliokota, na kabla sijajua kitu mkono wangu ulikuwa umeruka na kumpiga shangazi kidevuni. Moto niliusikia baadaye. "Yaunguza!" nikapiga kelele. "Shangazi, yaunguza!"

"Mwenye miguu kanyamaza, wewe mwenye kidole wapiga kelele? Umemrithi mamako wa zamani!"

"Mwalimu kasema mkono ukiruka—"

"Huyo mwalimu wako kazaa mara ngapi?"

Walicheka hadi machozi. Nikamtazama mama. Akanitikisia kichwa. "Hayaunguzi, mwanangu. Kaa."

Jioni alirudi kwenye cherehani. Akakanyaga, mguu wa kulia ukateleza, akakanyaga tena, ukateleza. Akainama kutazama nani kamwaga maji pale chini. Yalikuwa ya malengelenge yake mwenyewe, yamepasuka yote, na yeye hana habari.

Sitawachosha kwa yaliyofuata, mimi mwenyewe nimechoka nayo. Kidonda cha mwenye sukari hakiponi upesi. Mguu wa kushoto ulipona, wa kulia ulikatwa chini ya goti. Shangazi alilia barazani, anajipiga kifua, "Nimemchemsha wifi yangu!" Muuguzi alitueleza kwamba sukari ikizidi muda mrefu huiua mishipa ya fahamu, na mirefu kuliko yote, ile ya miguuni, ndiyo hutangulia. Kumbe siku tuliyokula nguru miguu haikuwa imepona. Ilikuwa imekufa, haina tena wa kutuma.

Kwa miaka mingi niliamini kisa chote ni hicho, mishipa. Mpaka nilipokuwa mtu mzima nikamwuliza: mama, siku ile ya karai hukujua kwamba miguu haisikii moto?

"Nilijua," akasema. "Lakini walikuwa wananisifu, mwanangu. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nikaona acha nami nisifiwe leo."

Utotoni nilidhani mama alikosa habari ya maji yale. Kumbe nilimpa mimi, kwa sauti kubwa, kidole changu kikiwa chekundu mbele ya macho yake. Hakukuwa na mshipa uliokufa hapo. Alisikia vizuri, akachagua sifa.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, aliletwa mkandaji mwingine, na maji yalikuwa yaleyale. Niliuma khanga. Mama alikuwa kitini pembeni, gongo lake la kutembelea mapajani. Akaligonga sakafuni kwa nguvu, sote tukashtuka.

"Toa khanga hiyo mdomoni. Yakikuunguza piga kelele, wasikie mpaka Horohoro kule mpakani. Anayetaka kucheka aje anicheke mimi."

Nikaitoa. Nililia, jamani, nikalia na mambo yasiyokuwa ya maji, na mama akawa anasema, "Ehee. Hivyo hivyo."