Dorine Ampa Ndayisenga Tatu

Mjini Uvira watu walizoea kuzima redio kwa hasira, kisha kuiwasha tena kabla Dorine hajamaliza kusema. Kila Jumapili, ibada zikishakwisha, alikaa mbele ya kipaza sauti cha redio ndogo ya mtaa wa Nyamianda na kuwapa alama kati ya kumi wachezaji wa Viboko, timu ya mpira wa kikapu ya mji, iliyokuwa imeingia mwaka huo katika ligi ya kulipwa. Mchezaji mmoja mrefu aliambiwa hewani kwamba Mungu alimpa kimo cha mchikichi, naye akakitumia kutoa kivuli tu. Mwingine aliambiwa anarusha mpira kama mtu anayemwaga maji machafu uani bila kuangalia nani anapita.

Mchezo wenyewe aliujua. Aliuanza kwenye uwanja wa udongo wa shule, ambako mpira ulidundia upande wowote uliotaka wenyewe, akafika mpaka timu moja ya wanawake huko Bukavu. Huko alikaa kwenye benchi akiwatazama wasichana waliopangwa kwa sababu ya sura na majina ya baba zao. Alirudi nyumbani na goti bovu na dharau isiyopoa. Sasa aliuza vitenge sokoni. Mumewe, Pierre, alikuwa mwalimu na shemasi, mtu mpole, ambaye kila Jumatatu alilazimika kusalimiana njiani na watu waliochanwa na mkewe jana yake.

Ndipo Viboko wakashinda nusu fainali ya mchujo, kule Bukavu, kwa pointi moja. Ndayisenga, kijana wa Bwegera, alirusha mpira kutoka mbali mechi ikiwa inakwisha, ukaingia. Mji ulipasuka. Pikipiki zilipiga honi kutoka Kavimvira mpaka Mulongwe. Watu ambao hawakujua timu ina wachezaji wangapi uwanjani walijipaka rangi usoni na kulia machozi. Mheshimiwa mmoja, ambaye hakuwahi kuwanunulia vijana hao hata maji ya kunywa, alipanda juu ya gari akawaita "watoto wangu". Dorine alimtazama kutoka mlangoni mwa duka lake, akageuka kukunja vitenge.

Jumapili ilipofika, Franck, msemaji wa klabu, alimsubiri nje ya studio. Alimwomba kwa sauti ya chini kwamba wiki hiyo moja tu awasifu vijana, mji uko na furaha. Dorine alimjibu kwamba kusifu ni kazi ya Franck, na analipwa kwa kazi hiyo, basi aifanye yeye. Akaingia.

Mchezaji aitwaye Ushindi alipata saba, kwa kuwa aligombania kila mpira uliorudi kutoka ubaoni. Luc alipata sita, na ingekuwa nane kama angejua kwamba pasi hutolewa kwa mtu wa timu yake. Yule mrefu alibaki na nne zake za kawaida. Halafu zamu ya Ndayisenga ikafika, na mji wote ukakaribia redio.

"Ndayisenga, tatu," alisema. "Aliwaachia wapinzani njia mchana kutwa, akapoteza mipira kama ana mingine nyumbani. Mutu akichoma nyumba, halafu alete ndoo moja ya maji, tumupigie makofi?"

Simu ya redio haikupumzika. Mmoja alisema Dorine ana wivu wa mguu wake mbovu. Mwingine alitaka Pierre amfunge mkewe mdomo, kama kweli ni shemasi. Pierre alisikiliza yote mpaka mwisho.

Siku mbili baadaye, Mama Ndayisenga mwenyewe alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba ya Dorine na Pierre, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mwanawe alimfuata nyuma, kichwa chini.

"Ni weye njo Dorine?" aliuliza. "Niliita majirani wote wa Bwegera wakuje kusikia jina ya mutoto wangu mu redio. Nilipika. Weye ukamupa tatu. Hata mbuzi wangu hawezi kupewa tatu."

Dorine alimkaribisha kiti. Hakuomba radhi. Aliichukua simu ya Pierre, iliyokuwa na video ya mechi nzima, akaiweka mbele ya mgeni. "Mama, angalia weye mwenyewe," alisema. "Minye sitasema kitu."

Mama Ndayisenga hakuwahi kutazama mechi hata moja. Mwanzoni alimtafuta mwanawe tu, na alipomwona alitabasamu kama yuko kwenye harusi yake. Lakini kadiri mechi ilivyoendelea, tabasamu lilipungua. Aliuliza wale wengine wanakimbilia wapi. Pierre akamweleza kwamba wanarudi kulinda kikapu chao. Katikati ya uwanja alibaki kijana mmoja, mkono kiunoni, akirekebisha utepe wa kichwani na kuutazama mpira aliourusha kama anaupiga picha.

Mama akamgeukia mwanawe.

"Weye iko unasimama juu ya nini? Wenzako wanatumika kazi, weye unasimama kama mwenye shamba. Siku ya kuvuna mupunga, mutu wa hivyo minye simupe chakula." Kisha akamrudishia Dorine simu. "Tatu ni nyingi."

Ndayisenga alijaribu kutaja kikapu cha mwisho. Mama yake alimwambia anyanyuke, waende.

Kwenye fainali Ndayisenga alikimbia mpaka akatapika kando ya uwanja. Viboko wakafungwa hata hivyo, na vibaya. Simu ya Mheshimiwa ikawa haipatikani. Waliojipaka rangi walisema timu hiyo haikuwa kitu tangu zamani. Walipomaliza kusema hivyo, walimkumbuka Dorine: ndiye aliyemvunja kijana moyo. Asubuhi alikuta vitenge vya mbele vya duka lake vimepakwa matope. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka Pierre aone. Alivifua, akavianika, akaenda studio.

Siku hiyo alianza na mashabiki. Aliwapa moja, tena ya honi. Kwa Franck alisema hana alama ya kumpa, kwani hajui ni mchezo gani anaocheza. Ndayisenga akampa sita.

Simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa na sauti ya kijana, chovu kidogo.

"Ni Ndayisenga," alisema. "Mama Dorine, hizo alama ine zingine nilizipoteza wapi?"

Haikuwahi kutokea mchezaji kupiga simu. Dorine akaanza na robo ya kwanza: miguu yake alivyoiweka, bega alilomwonyesha mpinzani, pasi ya kivivu aliyomtupia Luc. Fundi wa redio alimwonyesha kwamba muda umekwisha, zamu ya kwaya. Dorine hakumtazama. Nyumbani, Pierre aliongeza sauti ya redio, na majirani waliokuwa wamezizima za kwao wakasogea dirishani pake.